Msalaba jukwaani: je, kila nyota anayevaa taji la miiba anakufuru?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Ninafundisha kwaya ya vijana parokiani kwetu, Morogoro. Vijana wangu wamenionyesha kipande cha video ya zamani: Madonna, yule mwimbaji wa Marekani, ametundikwa kwenye msalaba unaometameta, taji la miiba kichwani, anaimba. Wengine wanasema huyo ni Frimasoni, wengine wanasema ni sanaa tu. Sasa na wao wanataka kwenye tamasha letu la Pasaka mmoja avae taji la miiba huku ikipigwa bit ya Bongo Fleva. Wazee wa parokia wameshanuna. Naomba unieleze: ni kufuru? Kwa nini wanamuziki wakubwa hawaachi kuchezea mambo ya dini? Na sisi tunaoumia tufanye nini?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na hicho kipande chenyewe, kwa sababu kwa jinsi ulivyokieleza, vijana wako wamekiona kikiwa kimekatwa, na sehemu iliyokatwa ndiyo yenye neno.

Ni cha mwaka 2006, kutoka ziara ya Madonna iliyoitwa Confessions Tour. Msalaba ulikuwa wa vioo. Aliinuka nao taratibu, mikono imenyooshwa, akiimba Live to Tell, wimbo wake wa mwaka 1986. Nyuma yake tarakimu zilikuwa zikipanda, zikapanda, mpaka zikafika milioni 12. Hiyo ndiyo idadi iliyokuwa ikikadiriwa ya watoto wa Afrika waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI. Wimbo ukielekea mwisho akashuka msalabani, akavua taji, akapiga magoti. Kwenye skrini zikatokea sura za watoto, na pamoja nazo maneno ya Mathayo 25: nalikuwa na njaa mkanipa chakula, nalikuwa uchi mkanivika, nalikuwa mgonjwa mkaja kunitazama, na “kadiri mlivyomtendea mmojawapo wa hao ndugu zangu walio wadogo, mlinitendea mimi.”

Onyesho hilo lilifika Roma tarehe 6 Agosti 2006, katika Uwanja wa Olimpiki, kilomita chache tu kutoka Vatikani. Kadinali Ersilio Tonini alisema ni kuidharau imani hadharani, akataka mwimbaji atengwe na Kanisa. Viongozi wa Waislamu na wa Wayahudi wa Italia waliungana na Wakatoliki kulaani, jambo ambalo hulioni kila siku. Ujerumani, waendesha mashtaka wa Düsseldorf walisema watalifuatilia. Urusi, Kanisa la Kiorthodoksi likalipinga. Marekani, kituo cha NBC kilipolirusha mwezi Novemba, watazamaji hawakuonyeshwa picha zake akiwa msalabani. Madonna mwenyewe alijibu kwamba hakukusudia kuukashifu Ukristo, kwamba alikuwa akiwasihi watu wasaidiane, na kwamba kwa imani yake Yesu angekuwa hai leo angefanya jambo hilohilo.

Katika kelele zote hizo, nimetafuta aliyeibishania ile milioni 12. Watu walijadili vioo, mwanamke msalabani, tiketi, Papa. Watoto hawakujadiliwa. Na hao watoto walikuwa wetu, mwalimu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walitoka Kagera, mwaka 1983, na kufika mwaka 2006 kulikuwa na vijiji huko na ng'ambo ya mpaka, Uganda, ambako bibi mmoja alikuwa akilea wajukuu walioachwa na watoto wake watatu au wanne aliowazika. Hilo linaniuma kuliko msalaba wa vioo.

Mimi ni Mkatoliki, na nasema wazi: sioni kufuru katika onyesho lile. Naona ukosefu wa kiasi, na nitaueleza. Lakini kwanza tuambiane ukweli kuhusu kumwigiza Yesu. Kila Ijumaa Kuu, katika parokia nyingi za Tanzania na Kenya, kijana wa mtaani tunayemjua kwa jina hubebeshwa msalaba, huchapwa, huangushwa mara tatu, na akina mama hulia kweli. Kijiji cha Oberammergau huko Bavaria kimekuwa kikiigiza mateso ya Bwana tangu mwaka 1634, na watu husafiri kutoka mabara yote kwenda kutazama. Taji la miiba la kuigiza tumelizoea. Kwa hiyo kilichowaudhi watu wa Roma kilikuwa yule aliyelivaa: mwanamke, tajiri, mwenye historia ya nyimbo za mapenzi ya waziwazi, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Anayelalamika na alalamikie hayo kwa jina lake. Baadhi yake ni malalamiko ya haki, lakini asiyaite kufuru kwa sababu tu amekosa jina jingine la kuyaita.

Kipimo changu ni hiki. Alama ya dini ikipandishwa jukwaani, iondoe kwa mawazo yako, halafu uangalie kilichobaki. Kama onyesho linasema vilevile, alama ilikuwa pambo, na kuvaa alama ya mateso ya wengine kama pambo ni utovu wa adabu hata kama sheria haigusi. Kama onyesho linaanguka, basi alama ilikuwa imebeba mzigo, na sasa unapaswa kuuliza mzigo huo ni wa nini. Msalaba wa Madonna ukiuondoa, Mathayo 25 inabaki maandishi kwenye skrini. Unapouweka, Mathayo inamwuliza kila aliyekasirika: umekasirikia picha yangu, na hao wadogo je? Swali zito sana hilo, na limo ndani ya Injili yenyewe.

Ukosefu wa kiasi niliosema uko hapa. Ziara ile ilikuwa na maonyesho 60 na iliingiza takriban dola milioni 194. Baada ya yatima, disko iliendelea. Mtazamaji hakupewa hata nafasi ya kunyamaza. Na vioo vile: msalaba unaomeremeta taa za disko unafanya mateso yapendeze macho. Hapo wanaosema alijitangaza kwa migongo ya yatima wana hoja, ingawa ni haki pia kukumbuka kwamba mwaka huohuo alianzisha shirika la kusaidia watoto Malawi, na kazi hiyo iliendelea miaka mingi baada ya vioo kuvunjwa.

Sasa, kwa nini hawaachi? Sababu ya kwanza ni malezi. Madonna alizaliwa mwaka 1958 katika familia ya Kikatoliki jimbo la Michigan, baba mwenye asili ya Italia, mama mcha Mungu aliyefariki binti akiwa na miaka mitano. Mtoto wa namna hiyo anapotaka kusema kuhusu kifo, mama, hatia au mapenzi, picha zinazomjia ni sanamu, mishumaa na rozari. Hakuziazima mahali. Mwaka 1989 alipotoa Like a Prayer, video ilionyesha kijana mweusi anayekamatwa kwa kosa walilotenda wanaume weupe, mwanamke anayekimbilia kanisani akiwa ameshuhudia, sanamu ya mtakatifu mweusi inayopata uhai, na misalaba inayowaka moto. Misalaba ile ni ya Ku Klux Klan, waliokuwa wakiichoma ili kuwatisha watu weusi. Ukiiondoa misalaba hiyo, video haina hadithi. Watu wengi waliona msalaba unawaka na mwanamke anambusu mtakatifu, wakaishia hapo. Pepsi, waliokuwa wameingia naye mkataba wa dola milioni 5, waliondoa tangazo lao, na fedha zikabaki kwake. Wimbo ukafika namba moja Marekani.

Sababu ya pili huwa haisemwi sana: muziki huo wenyewe umetoka kanisani. Aretha Franklin alikuwa binti wa mchungaji na alianza kuimba kanisani kwa baba yake, Detroit. Sam Cooke alikuwa nyota wa kundi la injili kabla ya kuhamia nyimbo za mapenzi mwaka 1957. Ray Charles alichukua mwendo wa nyimbo za kanisa akaweka maneno ya kumsifu mwanamke, na waumini weusi wa miaka ya 1950 walikasirika kama wazee wako wa parokia. Mikono juu, kiongozi anaita na watu wanaitikia, taa inayomwangukia mmoja, machozi: haya yote yalikuwa ibada kabla hayajawa tamasha. Wewe unafundisha kwaya, kwa hiyo unajua ni wasanii wangapi wa kwetu waliojifunza kupanga sauti kwenye benchi la kwaya. Ni vigumu kumwambia mtu aondoke na sauti, aache kila kitu kingine mlangoni.

Sababu ya tatu ni kiki, yaani kutafuta kuzungumzwa. Ipo, na tusiifunike kwa lugha ya wasomi. Mwaka 2021 Lil Nas X, rapa wa Marekani, alishirikiana na kampuni ya MSCHF kuuza jozi 666 za viatu vya Nike vilivyogeuzwa kuwa “viatu vya Shetani”, kila jozi kwa dola 1,018, bei iliyochukuliwa kutoka Luka 10:18, ile aya ya Shetani kuanguka kama umeme. Wakatangaza kwamba ndani ya soli kuna tone la damu ya mtu. Viliisha chini ya dakika moja. Nike walienda mahakamani kwa sababu ya nembo yao. Wimbo ulioambatana navyo una hoja yake: kijana anayesema alikua akiambiwa ni wa motoni. Viatu havina hoja. Ondoa 666, ondoa aya, ondoa damu, unabaki na raba za bei mbaya. Na waliovisaidia viishe haraka hivyo ni pamoja na wanasiasa na wachungaji waliovitangaza bure kwa kuvilaani.

Kuna mmoja ambaye siwezi kumwacha, kwa sababu kwake hasira ya waumini, yangu ikiwamo, ilikosea njia kabisa. Tarehe 3 Oktoba 1992 Sinéad O'Connor, Mwailandi, aliimba moja kwa moja kwenye televisheni ya Marekani wimbo wa Bob Marley uliotokana na hotuba ya Haile Selassie katika Umoja wa Mataifa. Aliuimba bila ala, na ndani yake akaingiza maneno kuhusu watoto wanaodhulumiwa. Mwishoni akainua picha ya Papa Yohane Paulo II, akaichana vipande mbele ya kamera. Sisi Watanzania tulikuwa tumempokea Papa huyo miaka miwili tu kabla, Septemba 1990, na tulimpenda. Picha yake iliyochanwa ilikuwa kama kofi. Majuma mawili baadaye, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Sinéad alizomewa na maelfu mpaka akashindwa kuimba alichopanga.

Miaka 10 ikapita. Mwaka 2002 gazeti la Boston Globe lilifichua jinsi mapadre waliodhulumu watoto walivyohamishwa parokia hadi parokia, na kabla mwaka haujaisha Kadinali wa Boston alikuwa amejiuzulu. Mwaka 2009 ripoti mbili za serikali ya Ireland zikaeleza yaliyofanywa kwa watoto katika taasisi za Kanisa na katika jimbo kuu la Dublin. Machi 2010 Papa Benedikto XVI aliwaandikia Wakatoliki wa Ireland barua ya kuomba radhi. Sinéad alikuwa ameyasema mapema, kwa njia chungu, na alilipa kwa kazi yake. Hakuuza kiatu. Alipofariki Julai 2023, akiwa ameshasilimu, wengi walioandika rambirambi walikuwa wa umri wa wale waliomzomea.

Kwa ndugu zetu Waislamu mizani ina uzito mwingine, na vijana wako wajue hilo kabla hawajaanza kulinganisha. Mkristo wa Kikatoliki amezoea kumwona Yesu akiigizwa. Mwislamu hana desturi ya kuwaigiza mitume, na swala yenyewe haichezwi. Julai 2023 mwanamuziki Davido wa Nigeria aliweka mtandaoni video ya msanii wake Logos Olori, ambamo wanaume waliovaa kanzu nyeupe wanaonekana kwenye safu za swala mbele ya msikiti, kisha wanacheza muziki. Waislamu wa kaskazini mwa Nigeria walikasirika, na Davido akaiondoa. Kwa kipimo changu ilistahili kuondolewa: swala ilikuwa pale kwa ajili ya urembo wa picha, na wimbo haukuihitaji.

Lakini mkumbuke pia Youssou N'Dour wa Senegal. Mwaka 2004 alitoa albamu ya Egypt, aliyorekodi na wanamuziki wa Misri, yote ikiwa ni sifa kwa Uislamu na kwa masheikh wakubwa wa tarika za kwao. Mtu mzima, muumini, anasifu dini yake kwa sauti bora aliyojaliwa. Nyumbani walimkataa. Walisema mwimbaji wa dansi hana haki ya kuyataja majina yale, na wenye maduka wakarudisha kanda. Mwaka 2005 albamu ikapata tuzo ya Grammy, na Senegal ileile ikampokea kwa shangwe. Kisa hiki hunisumbua kila nikisikia umati umekasirika, maana hakukuwa na neno moja la dharau katika albamu ile, wala hakuna lililobadilishwa kabla ya tuzo.

Hapa kwetu unakumbuka Mtasubiri, wimbo wa Diamond Platnumz na Zuchu. Mei 2022 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliviagiza vyombo vya utangazaji viache kuonyesha video yake, baada ya BASATA, baraza la sanaa la taifa, kueleza kwamba kipande cha kanisani, chenye wanakwaya, kimewakera waumini. Mimi sikuona chuki ndani yake. Niliona kanisa likitumika kama mandhari ya vituko vya wapenzi, kama ambavyo wangeweza kutumia soko au stendi ya mabasi. Kwa hiyo waliokereka niliwaelewa. Ila amri ya kuzima haikumfundisha mtu yeyote kitu. Ningependa zaidi mchungaji mmoja na wasanii wale wakae mezani, wazungumze mbele ya kamera kuhusu kwa nini ibada inaumiza ikigeuzwa pazia la nyuma.

Suala la Frimasoni nitalipita haraka. Chama hicho kipo, kiliundwa rasmi London mwaka 1717, na kina majengo hata Nairobi. Kudai kwamba kila msanii anayefumba jicho moja au kuvaa msalaba amejiunga nacho ni uvumi, na uvumi huo una ubaya wake kwa kijana: unamwondolea kazi ya kusikiliza. Akishasema “Frimasoni” amemaliza, hana haja ya kujua yatima walikuwa wangapi wala misalaba ilichomwa na nani.

Unauliza mnaoumia mfanye nini. Kuumia kwenu ni halali, wala msimwombe mtu radhi kwa hilo. Tazameni kitu kizima kabla ya kusema. Msisambaze kipande ili kukilaani, kwa maana kila anayekisambaza anakipeleka mbele. Mkiamua kulalamika, andikeni kwa yule mwenye dhamana, mtaje sehemu iliyowaumiza na sababu yake. Wakati mwingine mwenye dhamana ni sisi wenyewe. Mwaka 2023 Sabrina Carpenter, mwimbaji wa Marekani, alipiga video akicheza kwa nguo fupi ndani ya kanisa la Kikatoliki Brooklyn, hadi mbele ya altare. Hakuvunja mlango. Padre ndiye aliyetoa ruhusa, na askofu alimvua madaraka ya utawala kwa sababu hiyo.

Hapo ndipo tamasha lenu linapoingia. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1210, inasema mahali patakatifu paruhusiwe tu yale yanayosaidia ibada, uchaji na dini, na askofu anaweza kuruhusu jambo jingine lisilopingana na utakatifu wa mahali. Tarehe 5 Novemba 1987 Vatikani ilitoa mwongozo kuhusu matamasha makanisani: maombi yawe ya maandishi, kiingilio kiwe bure, waimbaji wasikae eneo la altare, mavazi na mwenendo viheshimu mahali, na Ekaristi Takatifu ihamishiwe pembeni au mahali pengine salama. Mkifanyia ukumbini, mambo yanakuwa mepesi zaidi, na kwa onyesho lenye taji la miiba na bit ningewashauri ukumbini.

Bit isiwagombanishe na wazee. Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, nchini Kongo, misa ilipoimbwa kwa mwendo na ngoma za Waluba, ngoma kanisani ilikuwa jambo geni. Leo wazee hao hao wanaonuna hucheza kwa ngoma wakati wa kupeleka matoleo. Waalike kwenye mazoezi, si siku ya onyesho. Kijana atakayevaa taji asiwe yule anayependwa zaidi na wasichana, awe yule aliyekaa na maandiko. Naye asome Mathayo 25 mpaka aweze kusema, kwa maneno yake, ni nani wa Morogoro anayemwigiza pale juu: mgonjwa yupi, mfungwa yupi, mtoto yupi wa stendi. Akishindwa kusema, aimbe bila taji, na wimbo hautapungua. Akiweza, mwandikie paroko barua mwezi mmoja kabla, uambatanishe mashairi yote, na uombe nafasi ya dakika mbili za ukimya kati ya wimbo huo na unaofuata.